Msiba wa Bwana Kestner Aliye Hai

Shule ya Sekondari ya Dzokpoe,
S.L.P. 17,
Dzokpoe, Ghana.
14 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Dzigbodi,

Nikianza na salamu ujasiri utaniponyoka, kwa hiyo nisamehe nitangulize jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nilijua kwamba Bwana Kestner hajafa, na nikauacha mji mzima umlilie.

Sasa salamu. Hujambo huko Gaborone? Goti linaendeleaje? Wagonjwa wako bado wanakuita kwa jina la nesi mwingine? Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi la upepo wa harmatani. Bibi anakula akple, ugali wetu, vizuri na kugombana vizuri zaidi.

Bwana Kestner unamkumbuka, meya wa Waldbruck kule Ujerumani, aliyekula akple kwa uma siku ulipocheza mbele yake. Ndiye aliyeufanya mji wake na wetu kuwa miji dada. Tangu mwaka jana mimi ni katibu wa kamati ya udugu huo, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na maneno yangu ni machache.

Shangazi, udugu wenyewe ulikuwa mahututi. Ngoma tuliyowapelekea ilikaa forodhani kwao miezi saba, ikichunguzwa kama ngozi ya mbuzi ina ugonjwa. Wachezaji wetu kumi na wawili wa ngoma ya borborbor waliomba viza, akapata mmoja tu, mpiga kengele. Akagoma kwenda. Alisema hawezi kusafiri mpaka Ulaya kugonga kengele peke yake kama muuza aiskrimu. Wao nao walitutumia filimbi arobaini bila mtu wa kutufundisha, na majirani wa shule hawajatusamehe mpaka leo. Mkutano wa Oktoba tulihudhuria watatu, mmoja wetu akiwa amekimbia mvua.

Mwishoni mwa Januari kikaja kifurushi kutoka Waldbruck, chenye picha kubwa na barua. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Fiagbedzi, alinipa barua niisome kwanza kimyakimya, kisha niwaeleze. Iliandikwa na meya mpya, Bi Roth. Alisema Bwana Kestner amestaafu na ametutumia picha ya ukumbusho. Alisema pia kwamba Jumatatu ya tarehe kumi na mbili baraza lao litapiga kura kama udugu uendelee au uvunjwe, na Jumamosi kabla ya kura atatupigia kwa video, aone kama huku kuna watu wanaoujali.

Nilikuwa sijamaliza kusoma wakati Mama Akpene, mkuu wa wanawake wa sokoni, alipoifungua picha. Bwana Kestner alikuwa amevaa suti nyeusi, anatabasamu, na chini yake imeandikwa 1998–2023. Ni miaka aliyokuwa meya. Lakini wewe unazijua kuta za mji wetu, zilivyojaa matangazo ya misiba. Picha kubwa, suti nyeusi, mwaka wa kuanza na wa kuisha chini: hapa nani anachapishiwa hivyo akiwa anapumua?

Mama Akpene alipiga yowe soko zima likasimama. Watu walijaa chumba chetu cha mkutano. Kijana mmoja fundi baiskeli akauliza, "Sasa 1998 mpaka 2023 si miaka ishirini na mitano tu? Na upara wote ule?"

"Baridi ya kule inakomaza watu," akajibu Mama Akpene. "Nyamaza ulie."

Niliinua kidole. Mwalimu akaniambia, "Subiri, mwanangu, watu wana uchungu." Nikasubiri. Nikawahesabu waliokuwa chumbani: arobaini na watatu. Sijawahi kuona watu arobaini na watatu katika kamati yetu. Mwalimu aliponigeukia na kuuliza barua inasemaje, nilisema nusu tu, kwamba Waldbruck watatupigia Jumamosi kwa video.

"Wanataka kuona kama tunaomboleza ipasavyo!" akasema Mama Akpene. "Watatuona!"

Na kweli walituona. Jumamosi kulikuwa na maturubai sita, vitambaa vyekundu na vyeusi vya msiba, vipaza sauti, na picha ya Bwana Kestner kila ukuta. Mwalimu alimwaga kinywaji cha tambiko huku analia machozi kabisa. Saa nne simu ikaita, wakaiunganisha na skrini kubwa iliyokodiwa, na aliyetokea wa kwanza ni Bwana Kestner, amevaa sweta la kijani, anatupungia mkono.

Mpiga kengele aliangusha kengele. Viti vilipinduka. Mama Akpene peke yake hakukimbia. Alishika kiuno akamwuliza, "Wewe! Tumekukosea nini? Mbona tumekulilia vizuri?"

Bwana Kestner aliitazama picha yake ukutani, akauliza kuna nini. Mwalimu akanisukuma mbele ya skrini. Nikaeleza nusu, nusu nyingine Bi Roth, aliyekuwa kando yake, akaelewa mwenyewe. Bwana Kestner alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema kwao, alipostaafu, walimpa keki tu.

Ndipo Mama Akpene akatoa hukumu: aliyeliliwa akiwa hai haachwi hivihivi. Lazima aje mwenyewe, alishwe, apewe maji, aulizwe habari za safari, tumwone anakula. Akasema hilo halipigiwi kura. Jumatatu baraza lilipiga kura hata hivyo: tisa dhidi ya wanne, udugu uendelee, na Bwana Kestner anakuja mwezi wa nne.

Kila mtu anafurahi isipokuwa mimi. Mwalimu alilia machozi ya kweli, na ningeweza kuyazuia kwa sentensi moja.

Nisalimie Mjomba Selasi na mapacha. Baba anakusalimu, na Bibi anauliza huko unakula nini.

Alhamisi, 15 Februari

Sikuifunga barua jana. Leo baada ya masomo nilikwenda kwa Mwalimu Fiagbedzi nikamwambia yote. Aliendelea kusahihisha madaftari mpaka nikatamani anichape.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na nilivyolia vile?"

"Nilikuona, Mwalimu. Nisamehe."

"Basi hotuba ya kumpokea utaitoa wewe, kwenye kipaza sauti, mbele ya mji mzima. Na hii habari utaitia ndani."

Nilimwomba adhabu nyingine akakataa. Nilitoka kwake nikaenda nyuma ya maktaba ya shule, mahali ambapo hapiti mtu. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti, "Mabibi na mabwana." Sauti haikutoka vizuri, nikarudia.

Mungu akulinde na kazi ngumu na jua la mchana.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Sefakor