Robhi Ameacha Kukungoja

Mama,

Shikamoo. Miezi hii yote nimeshindwa kukuandikia kwa sababu ya maneno niliyokuambia asubuhi ile.

Ilikuwa Jumanne, siku ya Robhi ya kliniki. Ulikuwa umeshamwogesha mdogo wangu, umemvalisha gauni la njano. Hukuwahi kukosa Jumanne hata moja. Mtoto wa miaka sita ulikuwa ukimbeba mgongoni mpaka barabarani, mnaenda Tarime kwa yule uliyemwita daktari wa maneno. Siku hiyo watu wakapita mbio wakisema kuna kifusi kipya kule kwenye mashimo ya dhahabu, mawe yake yanang'aa. Nusu ya watu wa hapa Kemambo walikuwa wameshabeba nyundo na karai. Nikakuambia, "Mama, leo acha. Mwaka mzima hajasema hata neno. Wiki moja itapunguza nini?"

Ukamvua lile gauni, ukachukua karai.

Kifusi kiliporomoka kabla ya saa sita. Walipokutoa, mkono wako ulikuwa bado umeshika jiwe.

Tulikuzika hapa nyumbani, pembeni ya migomba. Baba hajui nilichosema. Anasema dhahabu imekuua, na mimi nanyamaza.

Robhi hakulia. Watu wakasema, "Huyu haelewi kitu." Lakini kila jioni alikaa njiani, pale ulipokuwa ukitokea, ameshika ndala zako. Nikimbeba kumrudisha ndani aliniuma. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kikurya: Mama amekufa. Alinitazama mdomo tu.

Nikampeleka Tarime mwenyewe. Unajua zamani nilikataa, niliona aibu watu wakitazama udenda wake. Daktari alikuwa hana habari. Alichungulia nyuma yangu, akikutafuta. Nilipomweleza alivua miwani. Kisha akakifungua kile kitabu cha picha mlichotengeneza pamoja: kikombe, ugali, mbuzi, Baba, mimi, wewe. Nikataka kuibandua picha yako. Akanizuia.

"Ukiitoa atadhani umemficha mama yake. Mpeleke kaburini na hiyo picha. Sema maneno machache, halafu subiri. Usimjibie."

Tulipofika nyumbani tu nilimpeleka. Nikaweka kidole kwenye picha, kisha kwenye udongo. "Mama. Hapa." Nikasubiri. Ndipo nikajua kazi uliyokuwa ukiifanya peke yako, kukaa kimya mbele ya mtoto na kumwachia nafasi, wakati moyo unataka kusema kwa niaba yake.

Alipapasa udongo. Halafu akaanza kuchimba, Mama, kwa mikono yote miwili. Nilimwacha. Alichimba mpaka vidole vikatoka damu, nikamshika, naye akalia. Sijawahi kumsikia akilia namna ile. Bibi alitoka ndani, akasimama mlangoni, akasema, "Sasa ameelewa." Hakuna aliyemnyamazisha Robhi.

Tangu siku hiyo hajakaa njiani tena. Ndala zako ameziacha chini ya kitanda.

Akitaka kula anagusa picha ya ugali. Wiki iliyopita alimaliza uji, akanisogezea kikombe, akasema, "Te." Nadhani alitaka kusema "tena". Baba alisikia, akaweka kijiko chini, akatoka nje. Alirudi macho mekundu. Lakini picha yako Robhi anaifunika kwa kiganja, anageuza ukurasa.

Watu wamerudi kwenye kifusi kilekile. Wanakuja hata kutoka mbali kama Machochwe, na wengine siwajui kabisa. Mimi sijarudi.

Daktari hakunificha. Ameniambia huenda Robhi asiongee sana maishani, na kwamba kujifunza kwake kutaenda polepole sana. Nilimwuliza kama ile wiki moja ingebadilisha kitu. Akasema hapana. Sijui kama ni kweli au alinionea huruma.

Nisamehe, Mama. Jibu lako sitalisikia, najua.

Nakuahidi kumpeleka kila Jumanne, niwe mzima au mgonjwa. Nakuahidi hakuna atakayemwita bubu mbele yangu nikanyamaza. Na kile kiganja chake juu ya picha yako, sitakiondoa. Atakiondoa mwenyewe, siku akitaka.

Pumzika, mama yangu.

Bhoke