Shairi la Mbuzi Halimo Kitabuni

Kaka Ireri,

Kitabu chako kimetoka. Nilidhani siku ya kukuandikia hivyo nitalia, lakini nimechoka tu.

Tangu tukuzike, mwaka mzima nimekuwa mtu wa mashairi yako ya Kiingereza, mimi mwalimu wa hesabu. Nilitoa daftari zako kwa sanduku, nikazipiga chapa hapa shuleni Siakago baada ya masomo. Wachapishaji wawili wa Nairobi hawakujibu. Wa tatu akakubali. Nikaitwa kwa tamasha Meru, nikasoma watu wakiangalia saa. Nkubu walikuja wanane, na wawili kati yao walidhani ni mkutano wa wakulima wa kahawa. Nilisoma hata hivyo. Ungecheka.

Sasa kuna jambo. Mhariri alitaka shairi la mbuzi wa Mama waliokufa kwa ukame litolewe. Alisema lina Kimbeere chetu kingi, msomaji wa Kiingereza atapotea. Wewe ungekataa. Mimi nilikuwa nimechoka, Ireri. Nikasema sawa.

Uzinduzi tulifanya Embu, kwa maktaba. Mama alikaa mbele na kitambaa chake cha kanisa. Mgeni wa heshima alihutubu kwa Kiingereza, Mama akipiga makofi watu wakipiga. Halafu akaniita kwa Kimbeere, ukumbi wote ukasikia: "Wanja, na lile la mbuzi zangu? Soma hilo."

Kumbe ulikuwa umemsomea. Sikujua.

Nikamwambia halimo.

"Nani alilitoa?"

Ningemtaja mhariri. Nikasema, "Ni mimi, Mama."

Akasimama, akalisema lote kwa Kimbeere vile ulivyomweleza jikoni, na jina la kila mbuzi aliyekufa ule ukame. Wazee nyuma wakawa wanaitikia. Mgeni wa heshima hakuelewa neno, lakini alivua miwani.

Tulipofika nyumbani hakunigombeza. Alinipakulia githeri, akasema, "Umefanya kazi, mwanangu. Kula." Hapo ndipo nililia.

Nakala zilizobaki ninaziandikia shairi hilo kwa mkono, ukurasa wa mwisho ulio mtupu. Kidole kimefanya sugu. Nakuahidi, hakuna nakala itakayotoka mikononi mwangu bila hilo. Na mtu akisema tena neno lako litolewe, nitakataa, hata nikiwa nimechoka namna hii.

Pumzika, kaka. Mama hajambo, amenunua mbuzi mwingine. Amemwita Ireri.

Dada yako,
Wanja