Tumbo ya Neema na bande za Mama Kavira

Siku ya pili, tarehe 4
Nimekamua ng'ombe. Peke yangu tena. Hapa kwetu mwanamuke mwenye iko ku mwezi hagusi maziwa, na Neema, mujukuu wangu, hajagusa siku nane sasa, na tumbo inamuuma. Basi kilima muzima inajua. Na kilima muzima inaeleza vibaya. Eti uchawi. Eti alitoa mimba. Uongo mutupu! Mi njo najua, mi Koko, bibi yake. Ni zile bande za kuzuia damu ya mwezi anauzaka Mama Kavira ku Kitshanga. Plastiki ilipanda ndani ya tumbo yake. Hakuna mwenye anajua kueleza mambo kunishinda.

Siku ya tatu, tarehe 5
Nilieleza mara tisa ku soko. Kila mara plastiki iliongezeka urefu. Mabinti batatu bakatupa bande zabo mu choo. Mama Kavira akalalamika mbele ya batu: "Koko, ulimi yako iko murefu kupita barabara ya Walikale!" Nikamujibu: "Lakini yangu haina mashimo." Batu bakacheka sana.
Ku nyumba nikakuta Neema chini, amejikunja, anauma blanketi na meno. Sikucheka tena. Naogopa.

Siku ya tano, tarehe 7
Pikipiki mupaka hospitali. Dokta ni mwanamuke, angali kijana. Nikamueleza plastiki yote. Alisikiliza, masikini. Akasema: kuna batu banachunguza vitu vyenye viko ndani ya bande, lakini mupaka leo hakuna mwenye alionyesha kama njo zinaleta hii ugonjwa.
Halafu akachora. Nyama sawa ile ya ndani ya kizazi, inaota inje, juu ya matumbo. Kila mwezi inavimba, inatoa damu, na damu haina mulango. Endometriosi. Mungu wangu! Natunga hadithi tangu nilikuwa na meno yote, sikuwazaka moja kama hii. Tumbo ya binti inafichaka dunia nzima. Nilishika ile karatasi na mikono mbili, kama komunyo.
Akauliza: "Koko, mu jamaa kuna mwengine aliumwaka hivi?" Maana inafuataka jamaa. Nikasema hapana. Mi ni chuma, sikulalaka na ugonjwa hata siku moja. Akaandika. Akamupa Neema vidonge. Vikikosa kusaidia, batatafuta wa kumupasua.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 8
Nilienda kwa Mama Kavira, ku soko. Nikasema nilikosea.
"Rudilia, Koko. Hii sikio ingine haijasikia."
Nikarudilia. Bote bakasikia. Ilikuwa chungu.

Siku ya Mungu, tarehe 9
Mvua. Neema amekunywa kidonge.
Ile ya kusema mi ni chuma, nilitunga. Miaka na miaka nilijikunja kama yeye, na bande hazikuwako hapa, vitambaa tu. Mama yangu naye vilevile. Tuliita fungu ya banamuke, tukanyamaza.
Kesho nitamuambia dokta. Neema nimemuambia leo. Alisogea ku kitanda, akaniachia nafasi.