Pembe za Nyati Aliyemuua Fanuel

Hasamba, Mbozi
17 Agosti 1997

Kaka yangu mpendwa Jairo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na wifi je, na watoto? Baridi ya huko Kitwe mmeionaje? Ya huku mwaka huu ni kali, hata mibuni ya bondeni imeungua majani. Mimi na mama tunaendelea. Habari za baba ndizo zimenifanya nishike kalamu.

Unakumbuka baba alivyozitunza pembe za yule nyati aliyemuua kaka Fanuel kule Momba. Kila Jumamosi alizishusha ukutani, akazifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akazikausha na kuzipaka mafuta ya karanga, kidogo tu, zisipasuke. Hakutaka zikae penye jua wala moshi. Tangu kiharusi kimwangushe, mkono wake wa kulia haunyanyuki, na kazi hiyo akaichukua mama. Aliniambia kwamba akizishika, roho yake hutulia, kwa kuwa anajua mnyama yule naye alilala chini.

Masika yalipoisha tukaona unga chini ya ukuta. Kuzigeuza pembe, tukakuta vifuko vidogo kama vidole vya udongo vimeota juu yake, na ndani yake funza. Mama alipiga kelele kama aliyeona nyoka. Baba akatuelekeza akiwa kitandani: tuziloweke kwenye pipa mpaka ganda lilegee, tulivute litoke kwenye mfupa wa ndani, tukwangue mafuta yaliyooza, kisha tuzianike kivulini. Tulifanya hivyo hivyo. Harufu yake, kaka, majirani walifunga madirisha.

Pembe ya kushoto ilitoka nzima. Ya kulia ilivunjikia mikononi mwa mama, ikabaki vipande vyepesi kama maganda ya mayai. Mama akaketi palepale kwenye matope akalia. Siku ya maziko hakulia vile. Alisema Fanuel amekufa mara ya pili.

Baba alimsikia, akaniita. Ulimi wake ulikuwa mzito, nikainama karibu.

“Enesi,” akasema, “mama yako anamlilia mnyama asiyehusika.”

Nilidhani ugonjwa umempanda kichwani. Akanishika mkono, akanieleza taratibu. Yeye na bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, waliufuata unyayo wa yule nyati mpaka kwenye matete ya mto, ukapotelea majini. Waliutafuta wakachoka, wakakata tamaa. Huku nyumbani mama alikuwa amekataa kula, amesema hatatia kitu kinywani mpaka aone aliyemuua mwanawe amelala chini. Wakiwa njiani kurudi, baba akakutana na nyati mwingine, mzee, amejitenga, anakunywa maji. Akampiga risasi. Alipozifikisha pembe hapa uwanjani, mama akazitazama, akaomba ugali.

“Niliogopa angenifia,” baba akasema. “Baadaye nikaogopa kumwambia.”

Kaka, nyati aliyemuua Fanuel hakupatikana kamwe. Baba alinisihi nimweleze mama, maana yeye hawezi. Nikamwahidi. Kesho yake kiharusi kikamrudia, na tangu hapo hajatamka neno. Daktari wa hospitali alituambia tumrudishe tu nyumbani.

Sasa mama ameiweka pembe iliyobaki kwenye stuli kando ya kitanda, anaifuta kila asubuhi, akiamini anamfariji mumewe. Baba humtazama, machozi yanamtiririka. Mama huyafuta kwa upande mwingine wa kitambaa, akimwambia asihuzunike, pembe moja yatosha. Mara nyingi nimefungua kinywa nimweleze, nikaona mikono yake ilivyokonda, nikanyamaza. Nikisema, nitamwondolea kitu pekee kinachomwamsha. Nisiposema, baba atakufa akitazama hivyo hivyo. Usinishauri, Jairo. Sioni ushauri wa kufaa hapa. Njoo tu, kama utaweza kumkuta.

Mama ameniita sasa hivi, ameniagiza nikuombe ututafutie huko dawa ya kuua wadudu wa pembe. Nimemjibu kwamba nimeshaandika.

Wasalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu sana. Baba angekusalimu.

Ni mimi dada yako,
Enesi