Sifuri ya Zagabe

Jumanne, 3 Oktoba 2023
Zagabe kaja labo! Maabara yetu, hapa Muhumba. Hakujua nafanya kazi hapa, na barakoa ilinificha. Miaka sita tangu mama yake anirudishe kwa baba yangu, kule Kadutu — tumbo langu eti jiwe — na kudai ng'ombe wao wa mahari warudi. Dawa zote nilikunywa mimi, hadi mizizi ya kutoka kisiwani Idjwi. Yeye kupimwa? Kamwe. Leo amepimwa. Anataka kumwoa Colombe, na baba mkubwa wa huyo binti, mtu wa ofisi, amedai karatasi kwanza, maana mke wa kwanza hakuzaa.

Mke wa kwanza ndiye aliyekaa kwenye mikroskopu. Nikatazama. Nikabadilisha kioo, nikatazama tena. Hakuna mbegu hata moja. Sifuri. Nilicheka hadi Josué wa mapokezi akauliza kuna nini.

Jumatano, 4 Oktoba
Dokta Mardochée amempa majibu mwenyewe, mlango umefungwa. Arudi kupimwa tena baada ya majuma matatu. Kisha akaniita mimi. Anajua Zagabe alikuwa nani kwangu. Siri ya mgonjwa si yangu, akasema, na kuitoboa ni kazi kupotea, hata gereza. Ndiyo, Dokta. Karatasi ya majibu nilikuwa nimeshaipiga picha kwa simu.

Jumamosi, 7 Oktoba
Soko la Kadutu, mbele ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo. Mama yake Zagabe, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza samaki: karatasi ya mwanawe imetoka safi, sasa kila mtu ajue ubovu ulikuwa wa nani. Kumbe kuna karatasi nyingine! Sijui nani aliwatengenezea. Baba mkubwa wa Colombe ameisoma, ameridhika. Wanawake wakanigeukia, wengine kwa huruma — hao ndio walionichoma zaidi. Nilichukua sombe yangu nikaondoka. Atanilipa. Nataka aone haya mpaka ashindwe kupita barabarani mchana.

Jumapili, 8 Oktoba
Matangazo ya ndoa yamesomwa. Zagabe na Colombe. Mimi hakunifikisha kanisani. Alisema tungoje mtoto wa kwanza. Padri Grégoire akaongeza: anayejua kizuizi ana wajibu wa kusema. Baada ya misa nikamuuliza, bila majina: mtu asiyeweza kuzaa anaruhusiwa kuoa? Anaruhusiwa. Utasa hauzuii ndoa. Kumdanganya mwenzako juu yake, hilo ndilo linaloweza kuibatilisha.

Basi Kanisa linataka niseme, serikali inataka ninyamaze. Nimechagua Kanisa. Sijawahi kuwa Mkatoliki mwema namna hii.

Jumapili, 15 Oktoba
Tangazo la pili. Zagabe alivaa suti. Picha ya majibu yake nimeshaichapisha, kubwa. Jumapili ijayo, kabla ya misa ya kwanza, naibandika penye ubao wa matangazo, kando ya majina yao. Nimelala vizuri wiki nzima.

Jumatano, 18 Oktoba
Colombe yuko labo. Peke yake. Vipimo vya kabla ya ndoa, na kimoja alichoomba kwa sauti ya chini: mimba. Ana miaka ishirini, labda. Kipimo kimetoa mistari miwili: ana mimba. Ameusoma uso wangu.

"Maman, usiandike bado," amesema. "Miye najua weye ndiye ulikuwaka bibi yake. Ile karatasi yake ya kweli, ya hapa labo, ilisemaka nini?"

Miaka sita nimengoja mtu aniulize swali hilo. Jibu ni neno moja. Nikilisema, Zagabe ataaibika wiki mbili, na huyu atafukuzwa kwao na tumbo lisiloweza kuwa la Zagabe. Nikinyamaza, Zagabe anakuwa baba! Mama yake atapiga vigelegele ubatizoni, na mimi nitabaki jiwe mpaka nife.

Nimemwambia angoje kidogo. Naandika haya nyuma ya mashine ya kupima damu. Niliyetaka aaibike ni Zagabe. Huyu binti, mtoto wa watu, hapana.

Dokta anarudi saa sita. Colombe amekaa kwenye benchi, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Sasa ameinuka. Anagonga dirisha, anauliza kama nimeshaandika.