Wasifu wa Bibi, Ng'ambo ya Songwe

Kyela, Jumamosi. Mvua ya masika haijakatika tangu jana, nami nina uchovu wa mtu aliyebishana mchana kutwa na kitu kisichosikia.

Jana tulimzika Bibi, mama yake mama. Mvua ilitukimbiza makaburini na wasifu wake haukusomwa. Mdogo wake, Babu Asajile, yuko Karonga, ng'ambo ya mto Songwe ulio mpaka wa nchi yetu. Miguu imemkataa, hakuweza kuvuka. Alimwagiza mwanawe, mjomba Lwitiko, jambo moja tu: arudi na maisha ya dada yake yakiwa yameandikwa. Babu hasomi Kiswahili. Kingonde chao na Kinyakyusa chetu vinasikilizana, basi nikauandika kwa Kinyakyusa. Mjomba alikuwa anaondoka leo mchana.

Mama mkubwa Tumpe alinishauri niuandike kwa mkono. Nilikataa. Ni mimi niliyesimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikitangaza kwamba lugha isiyopigwa chapa imehukumiwa kunyamaza. Ningewezaje kumuaga Bibi kwa peni ya buluu?

Kwenye kompyuta yangu, inayotumia Linux, kila herufi ilikaa vizuri, pamoja na zile i na u zenye kistari zinazobeba irabu zetu. Nikapeleka faili Mbugani, dukani kwa Mzee Athumani, mwenye printa. Kwenye Windows yake, kila herufi yenye kistari ikageuka kiboksi kitupu.

"Msomi," alisema, akisogeza kofia yake, "umeniletea wasifu au ubao wa drafti?"

Nikaiweka fonti yangu, yenye maumbo ya herufi zile, kwenye mashine yake. Programu yake ya zamani ya kuandikia ikaipuuza, ikashikilia fonti nyingine. Hapo ndipo nilipoamua kukompaili, yaani kuunda kutoka msimbo wake, kwenye kompyuta yangu, programu huria ya kupanga kurasa, ambayo hubeba fonti ndani ya faili lenyewe. Ikasimama katikati: maktaba moja, kifurushi cha msimbo inachokitegemea, haipo. Nikakimbilia mgahawa wa intaneti kuipakua. Toleo lilikuwa jipya mno kwa mfumo wangu. Nikatafuta la zamani, nalo likadai maktaba nyingine. Kila kosa lilinituma kwa kosa jingine, kama karani anavyokutuma dirisha la pili.

Sikuwa na hasira tena. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikarudi dukani na kuendelea kujaribu. Mjomba Lwitiko akaja akasimama mlangoni, suruali ameikunja hadi magotini. "Mpwa wangu, mpaka una saa zake za kufungwa. Mimi si samaki nipite majini."

"Mwache amalize, ndugu yangu," Mzee Athumani akamjibu. "Yuko vitani na mabeberu."

Nikasalimu amri. Nikaugeuza ukurasa kuwa picha kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa picha haihitaji fonti. Printa ikautoa, herufi zimefifia kidogo lakini zote zipo. Mjomba akaukunja ndani ya mfuko wa plastiki, akanishukuru, "Ndaga fijo," akapanda baiskeli ya abiria kuelekea mpakani.

Niliona fahari. Nakiri.

Jioni Mama mkubwa aliomba nakala niliyobaki nayo. Akavaa miwani, akasoma polepole hadi chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Wajukuu wapo," alisema. "Majirani wapo, hadi wale wa kwaya. Asajile umemweka wapi, mwanangu?"

Nikautazama ukurasa. Hayupo. Hawapo wanawe. Hayupo mtu hata mmoja wa ng'ambo ya Songwe. Mimi, niliyehutubia mara nyingi kwamba mpaka ule ulichorwa na wageni wasiotujua, nimeuchora upya kwa mkono wangu, tena ndani ya familia yangu. Mchana kutwa nilikagua vistari. Maneno sikuyasoma.

Mama mkubwa hakunigombeza; afadhali angenigombeza. Alikunja miwani yake tu.

"Atasoma hadi mwisho," alisema. "Halafu atarudi mwanzo, akidhani ameruka mstari."

Tangu aseme hivyo sijaigusa kompyuta. Huenda mjomba amefika, na mzee yule ameusogeza ukurasa karibu na taa.

Kesho, inyeshe isinyeshe, navuka mwenyewe. Sijui nitamwambia nini nikifika mlangoni kwake.