Kwa Mama Kabugho, Uliyetufundisha Kupiga Hodi

Mwaka umetimia, Mama Kabugho, tangu presha ikuondoe kwetu asubuhi ile, maji ya chai yakiwa bado jikoni. Mimi mumeo, Nobert Bwambale, naandika kwa niaba ya nyumba nzima. Unanijua, maneno mengi siyawezi. Jeshini nilizoea kupokea amri, na nyumbani amri zilitoka kwako.

Ulitoka mbali, Aryemo, binti wa Kiacholi mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Kikonzo chetu hukukijua, na Kiacholi kimenishinda mpaka leo, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili cha kambini. Dada zangu walikucheka jinsi ulivyosonga bundu, ugali wetu wa muhogo. Baadaye hao hao wakawa wanapita kwetu saa za chakula, eti wamekuja kusalimia.

Binti yetu Robinah Kabugho alizaliwa tukiwa bado kwenye nyumba za kambi, Kasese. Hakusema, hakutembea. Makelele yakimzidi, alijigonga kichwa ukutani. Kuna jirani aliyetushauri tumfunge kamba. Wewe uliweka mkono wako kati ya kichwa chake na ukuta, ukauacha hapo mpaka atulie, kila mara, miaka nenda miaka rudi. Ngozi ya nyuma ya mkono huo ikafanya sugu. Niliigusa kwa mara ya mwisho kabla hatujafunga sanduku.

Nilipostaafu tukahamia Bwera, ukaniomba ghala la kahawa la marehemu baba. Ulikuwa umeona chumba Kampala, chenye taa za rangi na mitambo, ambamo mtu asiyeona au asiyesema anagusa, ananusa, anasikiliza, moyo unatulia. Nikakuuliza mitambo hiyo tutaitoa wapi. Ukanicheka.

"Mitambo ya nini, Afande? Vitu yote iko hapa."

Kweli vilikuwapo. Beseni la maharage makavu ya kuzamisha mikono. Jiwe la chumvi ya Katwe. Vanila iliyokaushwa, na magunia ambayo harufu ya kahawa haijayatoka hata leo. Blanketi langu la jeshi, lile zito, ukalichukua la kumfunika anayetetemeka, wala hukuniuliza kama bado nalihitaji. Jirani yetu Faruku alileta CD mbovu, ukazitundika dirishani, jua likipita mwanga unacheza ukutani. Kila Alhamisi lori lake lilibeba watu kutoka Kasese na Kilembe, na hakutaka hata asante.

Ulikosea mara moja. Chumba cha Kampala kilikuwa na sauti ya maji, nawe ukatundika jerikeni itone kwenye sufuria. Ninsiima wa Kilembe, asiyetembea, aliyeokolewa kwa kubebwa mgongoni siku mto Nyamwamba ulipofurika ukaingia nyumbani kwao, aliisikia akapiga mayowe. Jerikeni uliitoa mwenyewe. Kisha ukarudi, ukapiga magoti mbele ya binti yule mdogo kwako, ukamwomba radhi. Maji hayakurudi tena chumbani.

Lakini chumba kile kilikuwa chako hasa kwa sababu ya hodi. Ulitaka tubishe chini kabisa ya mlango, pale unapofika mkono wa mtu anayekaa sakafuni. Kisha tungoje. Aliye ndani ajibu kwa namna yake, Ninsiima kwa mluzi, Kabugho kwa kugonga kifuniko cha sufuria. Asipojibu, huingii.

"Hawa watu kila siku wanabebwa kama gunia," ulisema. "Hapa tunapiga hodi."

Siku moja mkubwa wa jeshi alikuja kutazama, akashika mlango asukume. Ukamzuia.

"Afande, ngoja hapo. Mwenye chumba haijajibu bado."

Akasimama juani, jasho likimtoka, nami nimejificha nyuma ya mgomba kwa aibu. Kifuniko kilipolia, alivua kofia ndipo akaingia.

Tulipokuzika, kifuniko kilinyamaza. Kila asubuhi Kabugho alijikokota chumbani, akitoka jioni kula na kulala. Nilibisha, kimya. Ninsiima akapiga mluzi nje, kimya. Watu walikaa barazani, wakarudi walivyokuja, mwishowe lori likaacha kuja. Kaka yangu Thembo akaniambia, "Mama yake hayuko. Toa mutoto, turudishe kahawa." Nilimjibu kijeshi, na hapa si mahali pa kuyaandika maneno yale. Lakini usiku na mchana niliogopa, Mama Kabugho. Niliogopa kwamba tumezika kazi yako pamoja nawe, na kwamba mtoto wetu anakufuata polepole.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mama mmoja alivuka mpaka wa Kongo na bintiye, Marie-Louise, msichana mkubwa asiyesema.

"Papa, batu waliniambia fasi ya kutulia iko kwenu. Mutoto yangu anaogopa makelele ya soko."

Nilianza kumweleza kwamba chumba hakijibu tena. Sikumaliza. Marie-Louise alijiangusha mlangoni, akaanza kujigonga kichwa kwenye mbao, pale pale chini.

Kifuniko kikalia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kikalia tena. Nikafungua, nikamkuta Kabugho amekwisha kujikokota hadi kizingitini. Mwenzake alikuwa bado anajigonga, sasa kwenye mwimo wa mlango. Kabugho akanyoosha mkono, akauweka kati ya kichwa kile na mbao, akauacha hapo mpaka alipotulia. Nililia mbele za watu, mimi Afande wako, wala sikujificha nyuma ya mgomba.

Sasa lori linakuja kila Alhamisi. Marie-Louise na mama yake wanavuka wanapoweza. Thembo ametengeneza rafu mpya, na hataki tumkumbushe habari za kahawa.

Jumamosi hii tutasali nyumbani, Bwera, na ninyi nyote mliomjua Mama Kabugho mnakaribishwa. Mtakaotaka kuona chumba, inameni mbishe chini, kisha mngoje. Hata padri atangoja.

Jana, nikimnawisha Kabugho kabla ya chakula, niliugeuza mkono wake. Ngozi ya nyuma imeanza kuwa ngumu.

Unakumbukwa na mumeo Nobert, binti yako Robinah Kabugho, shemeji yako Thembo na dada zake, ndugu zako wote wa Kitgum, Faruku na mkewe Naimah, Ninsiima, na Marie-Louise ambaye hukumwona. Maadamu tupo hai, Aryemo, hutasahaulika.